Namba ya Baba Shingoni mwa Banasema

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya kwanza ya juma, kapita wa kijiji chetu alisimama mbele ya jiko la Nkambo, akavua kofia, akaomba maji ya kunywa. Saa hiyo siikisii. Kwenye kiwanda ambako Baba alifanya kazi ya kupasua mbao, kipande cha reli kilining'inizwa mtini na kugongwa mara mbili kila asubuhi: saa kumi na mbili kamili ili watu wahesabiwe, na saa moja kasoro dakika kumi ili mashine iwashwe. Kapita alikuwa bado na kikombe mdomoni tuliposikia pigo la pili, na msumeno ukaanza kulia ng'ambo ya mashamba.

"Nkambo, nilikuya na maneno ya Bulamatari," alisema. Bulamatari ndiyo serikali ya Wabelgiji, na kapita alikuwa mdomo wake kwetu. "Siku ya tano polisi batakuya na muzungu wa sanitère, wa mambo ya afya. Wazimu ya imbwa iko mu muji. Imbwa yote yenye haina kibati mu shingo, batapiga masasi."

"Na miye?" Nkambo akauliza. "Miye pia sina kibati mu shingo."

"Weye, Nkambo, masasi yenyewe itakuogopa."

"Na hicho kibati, banakipa wapi?"

"Ku biro ya Bulamatari, mu muji. Faranga kumi na tano, imbwa moja."

"Kumi na tano! Iko imbwa ao iko mbuzi?"

"Mbuzi hailipe kodi," alisema kapita, akarudisha kikombe. Kisha akawatazama mbwa wawili waliolala kwenye majivu, akaongeza kwa sauti ya chini, maana hakuwa mtu mbaya: "Nkambo, ufunge moja mu nyumba, ile ingine uiache tu. Mbili ni mingi."

Akaenda nyumba ya pili. Nkambo, mama yake Baba, alibaki ameshika kikombe kile kitupu, na mimi niliyekuwa na miaka minane au tisa nikaanza kuhesabu vidole. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nne tu.

Nisingeandika haya kama si harufu. Mwezi uliopita nilipeleka cherehani yangu kwa fundi wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Nyuma ya karakana yake fundi mwenyewe alikuwa amembana mbwa mwenye ukurutu katikati ya magoti, anampaka oili chafu ya gari kwa tambara, na mbwa ametulia, amefumba macho. Oili ile, ngozi yenye vidonda na manyoya yaliyolowa vilitoa harufu moja. Niliondoka bila kuuliza bei ya cherehani. Ilinibidi nirudi siku iliyofuata.

Kasungami, kijiji chetu, wakati ule haikuwa ya nyumba zilizobanana. Ilikuwa mihogo, mahindi, vichuguu na moshi wa makala, yaani makaa ya kupikia, na kutoka hapo hadi mjini, mji ulioitwa Élisabethville na Wazungu na Lubumbashi na sisi, ulikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka miaka ile kazi ilipopungua, au mlisimuliwa. Wafanyakazi walirudishwa kwao kwa makundi. Wazungu wengi nao walirudi Ulaya. Waliuza vitanda na meza, na mbwa wakawaacha getini. Mbwa hao walikaa siku mbili tatu mbele ya nyumba zilizofungwa, halafu njaa ikawafundisha njia. Wanawake wa kwetu walikwenda mjini na makala kichwani, wakarudi na samaki wakavu ndani ya vitunga. Mbwa walifuata harufu ya samaki. Ndivyo walivyofika Kasungami, nyuma ya akina mama, mmojammoja, mbavu nje.

Kijiji kiliwapokea kwa mawe. Sikilaumu, maana chakula chenyewe hakikutosha watu. Nkambo peke yake hakurusha jiwe. Alikuwa na neno lake: "Mugeni mwenye anafuata kitunga yako, weye njo ulimwita." Kwa kuwa yeye pia aliuza makala na kubeba samaki, aliona amewaita wengi.

Wengi wao walikufa. Nataka niliseme hili mapema, isionekane kama tulikuwa na dawa. Tuliwafunga vidonda kwa tambara na majivu, tukawanywesha maji ya chumvi, tukawapa makoko ya bukari, ugali wetu, yaliyolowekwa katika mchuzi wa vichwa vya samaki. Na asubuhi tulikuta wamekakamaa. Mmoja alikuwa mkubwa, mweupe wa pua kwa uzee, na ukanda wa ngozi nzuri shingoni. Nkambo alimwita Mukubwa. Siku tatu aliutazama bukari kama karani anavyotazama barua iliyoandikwa vibaya. Siku ya nne aliula. Mama Numbi, jirani yetu, alicheka mpaka akashika ukuta: "Leo muzungu anakula bukari! Nkambo, kesho umupe jembe!" Mukubwa aliishi kwetu hadi mvua za kwanza.

Waliopona ni wawili. Wa kwanza alikuwa dume mwekundu, mfupi, mwoga wa kila kitu isipokuwa chakula. Wa pili alikuwa jike mwenye rangi ya majivu, na huyo nilimkuta mimi mwenyewe, kwenye mtaro kando ya njia ya mashamba. Waya wa mtego ulikuwa umeingia mguu wa nyuma hadi mfupa. Mgongo wote ulikuwa ukurutu. Hakubweka wala hakuonyesha meno, alinitazama tu. Nkambo alikata waya kwa koleo la jirani, mimi nimeshika kichwa, na kila koleo lilipoteleza mbwa aliubana mkono wangu kwa meno bila kuuma, kama mtu anayeshika mkono wa mwenzake. Baba alituletea oili chafu ya mashine katika kopo la sardini. Nilimpaka jioni zote za mwezi mzima. Koti la Baba lilinuka oili ile, mikono yangu ilinuka oili ile, na mbwa pia, kiasi kwamba Baba alisema siku moja: "Sasa tuko batu tatu ba kiwanda mu nyumba hii."

Kuhusu majina: kwetu, watu wa kaskazini, mbwa haitwi tu jina zuri. Jina la mbwa ni neno unalotaka jirani alisikie bila wewe kumwambia. Mama Numbi alikuwa amesema kisimani kwamba bibi kizee anayekusanya mbwa wa Wazungu lazima ana uchawi anaoulisha. Basi Nkambo akamwita jike Banasema, na dume akamwita Tutaona. Kila jioni alisimama uani na kuita kwa sauti ya kanisani: "Banasemaaa! Tutaonaaa!" Kijiji kizima kilielewa: wanasema, na tutaona. Baada ya juma moja Mama Numbi alinunua jogoo. Nasi tukasikia kutoka ng'ambo ya ua: "Tulishakuonaaa!" Nkambo alicheka peke yake jikoni hadi akakohoa. Naamini wanawake wale wawili walipendana kuliko walivyojua.

Banasema alipopona alilala mlangoni mwetu na kulinda mahindi. Msimu ule nguruwe pori walikula mashamba ya watu wawili, letu hawakuligusa. Mama alikuwa amekwenda kwa wazazi wake kaskazini kujifungua, na nyumba ilikuwa kimya mno. Nilimweleza mbwa yule mambo ambayo sikumweleza mtu.

Jioni ya siku ile ya kapita, Nkambo alimngoja Baba ale kwanza, ndipo akasema habari ya vibati.

"Mama, sina," Baba alijibu. "Mwezi iko katikati. Posho tu njo tuko nayo. Kiwandani banatafuta batu kumi ba kufukuza. Sasa nitamuomba musimamizi faranga ya imbwa?"

"Faranga kumi na tano tu. Ya moja."

"Moja gani? Utachagula?"

Nkambo aliwatazama mbwa wawili kwenye majivu. Nami nilitazama koti la Baba lililotundikwa kwenye msumari, kwa sababu ndani ya mfuko wake wa kushoto kulikuwa na kitu nilichokuwa nikikifikiria tangu asubuhi.

Kila mfanyakazi wa kiwanda kile alipewa kipande cha shaba cha duara, upana wa mdomo wa kikombe cha kahawa, chenye tundu juu na namba iliyogongwa katikati. Asubuhi mfanyakazi alikionyesha, akahesabiwa. Jumamosi alikionyesha tena kwenye dirisha la posho, akapewa unga, chumvi na samaki. Nilikwenda na Baba Jumamosi nyingi kubeba chumvi. Niliona kwa macho yangu: mwenye namba alipewa, asiye na namba alisukumwa. Siku moja mwanaume mmoja alipiga magoti mbele ya dirisha akilia, na karani akasema tu, "Namba?" Na mjini niliwahi kumwona mbwa wa Wazungu akipita katikati ya polisi wawili, kibati kinang'aa shingoni, wala hawakumgusa.

Nilijumlisha mambo hayo mawili, na hadi leo naiona njia niliyoipita, nayo imenyooka. Nilidhani ni kitu kimoja. Nilidhani Bulamatari ana daftari moja kubwa, na kila kiumbe kilicho na duara la shaba kimeandikwa humo, na kilichoandikwa hakipigwi wala hakifukuzwi. Nilidhani pia kwamba namba ya Baba ni yetu sote, kwa kuwa posho yake tuliila sote, na Banasema alikula humo. Sikuona kwamba naiba. Niliona kwamba naazima, kwa siku moja.

Siku ya nne, Nkambo aliamka mapema, akabeba makala, akasema anakwenda mjini kuuza. Hakutuambia zaidi. Alirudi jioni miguu imevimba, akala kidogo, akalala. Saa kumi na mbili jioni Baba alikwenda kuoga nyuma ya nyumba. Nilitoa namba mfukoni mwa koti. Nilikuwa mtoto wa mpango: nilijua kwamba mfuko mwepesi utamshtua, kwa hiyo nilitia badala yake kifuniko cha kopo nilichokuwa nikichezea upishi, duara lile lile, nimekikunja kingo kifanane. Namba niliificha chini ya kinu.

Siku ya tano Baba aliondoka kukiwa bado kiza. Aligusa mfuko wake mlangoni, kama alivyofanya kila siku, akasikia duara, akaenda. Nilingoja reli igongwe mara ya kwanza, ndipo nikatoa namba, nikaitia kamba niliyoichana kwenye pindo la gauni langu la buluu, nikamfunga Banasema. Alilamba kidevu changu. Shaba ilikuwa baridi naye akatikisa shingo mara moja, kisha akaizoea.

Nkambo alitoka ndani jua linachomoza. Alimwona mbwa, akasimama. Alikuja polepole, akainama, akaishika shaba kwa vidole viwili. Nkambo hakujua kusoma, wala namba.

"Eh," alisema. "Eh! Baba yako alinunua."

Nilimpapasa mbwa masikio.

"Alinidanganya asema hana. Mutoto yangu. Alienda akanunua." Akakaa chini pale pale kwenye mavumbi, akajifuta macho kwa kiganja. Halafu akafungua fundo la kitenge chake kiunoni. Humo mlikuwa na kibati. Kilikuwa kipya, cheupe, kidogo kuliko cha Baba, kimezungushiwa karatasi ya biro, na Nkambo kwa furaha hakuvilinganisha. "Na miye nilinunua. Faranga yenye nilikuwa naweka kwa ajili ya kitambaa cha kunizika. Nilisema, niko muzee, batanizika mu majani. Nilinunua ya Banasema." Alicheka. "Sasa Mungu anatuongezea. Tutaona! Tutaona, kuya hapa, muoga weye!"

Kati ya neno lake na kufunga kile kibati zilipita labda dakika tano, maana Tutaona alikimbia, tukamfukuza kuzunguka jiko, Nkambo akicheka kama msichana. Dakika tano hizo nimezirudia mara nyingi kuliko sala zote nilizofundishwa. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa machache: "Nkambo, ile ni ya kazi ya Baba." Angehamisha kibati, na Banasema angeishi. Sikusema kwa sababu sikuona kosa. Niliona mbwa wawili na maduara mawili. Niliona tumefaulu.

Walifika saa mbili na nusu, lori moja, polisi watatu, mzungu wa afya mwenye kofia ngumu, na kapita mbele yao. Walianzia upande wa kisima. Tulisikia mlio wa kwanza wa bunduki, kisha kimya, kisha mwanamke akilia, kisha milio miwili iliyofuatana. Tutaona aliingia chini ya kitanda. Jogoo wa Mama Numbi aliruka juu ya paa. Banasema alisimama mlangoni, mguu mmoja umeinuliwa kidogo, ule wenye kovu, akatazama njia.

Nkambo alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani. Aliwakaribisha. Alimvuta Tutaona kwa ngozi ya shingo, akamleta mbele. Mzungu alichuchumaa, akasoma kibati, akaandika katika daftari lake. "Bon," alisema. Polisi mmoja akatafsiri bila sababu: "Iko muzuri."

"Na hii," Nkambo alisema, akaelekeza kwa mkono wote, kama mtu anayemtambulisha binti yake.

Mzungu aliishika shaba. Aliisogeza kwenye mwanga. Aligeuza nyuma, akageuza mbele. Kisha akaanza kucheka. Hakuwa na kicheko kibaya, alicheka kama mtu aliyechoka anayepata kitu cha kumpumzisha. Aliwaambia polisi maneno ya Kifaransa, nao wakacheka.

"Anasema nini?" Nkambo aliuliza.

"Anasema hii imbwa iko mutumishi," polisi alisema. "Iko na namba ya kazi. Anauliza, inakamata posho ngapi?"

Kapita alitazama chini. Nkambo hakuelewa, lakini aliona watu wanacheka kwake, naye alikuwa mtu wa heshima, kwa hiyo alicheka pamoja nao. Nami nilipoona Nkambo anacheka, nilicheka. Tulikuwa tunacheka watu sita mbele ya nyumba yetu, na Banasema alitikisa mkia kwa sababu ya furaha ile.

Mzungu alisimama, akafunga daftari, akafanya ishara kwa kidole.

Sitaeleza mlio. Nitaeleza kwamba polisi alikata kamba ya buluu kwa kisu kidogo, akaifuta namba ya Baba kwenye majani, akaitia mfukoni, na kwamba Nkambo alikuwa bado na alama ya kicheko usoni, imebaki tu, kama nguo iliyosahauliwa nje. Lori liliondoka. Mama Numbi alivuka ua, mara ya kwanza baada ya miezi, akakaa chini kando ya Nkambo. Baada ya muda mrefu Nkambo aliniuliza, bila kunitazama:

"Mama" (aliniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake) "ile kibati ilikuwa ya nani?"

Nilimwambia. Hakunipiga. Alisema, "Na miye nilikuwa nayo mu kitenge," kisha akarudia tena, "nilikuwa nayo mu kitenge," kisha Mama Numbi akamshika kichwa akamfunika uso kwa nguo yake.

Yaliyotokea kiwandani niliyajua baadaye sana, kwa Tata Monga aliyesukuma magogo pamoja na Baba. Saa kumi na mbili kamili Baba alitia mkono mfukoni mbele ya msimamizi, mbele ya watu wote, akatoa kifuniko cha kopo. Watu walicheka. Msimamizi alidhani anafanyiwa mzaha. Baba alikitazama kile kifuniko, akakitambua, maana alikuwa amekula chakula changu cha udongo juu yake mara nyingi, akasema tu kwamba namba imepotea. Akawekwa kando, kwenye jua. Saa nne lori la afya lilipita hapo, na mzungu yule akaishusha namba, akiwa bado anasimulia kichekesho chake.

"Musimamizi alimuuliza," Tata Monga alinieleza, "nani alifunga namba ya kazi mu shingo ya imbwa? Na miye niliona baba yako anatazama ile kamba ya buluu yenye ilibaki mu tundu. Alitazama sana. Halafu alisema: ni miye, bwana."

"Angesema ni mtoto?"

"Sijue, mwanangu. Labda bangemusamehe. Labda hapana. Banatafuta batu kumi, banapata tisa."

Baba alirudi saa sita mchana, saa ambayo hakuwahi kurudi. Alichukua jembe, akachimba karibu na mahindi, shimo refu kuliko lililohitajika. Nilisimama pembeni nikiwa na gauni lisilo na pindo. Alipomaliza kusawazisha udongo alikaa juu ya mpini wa jembe, na kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama.

"Ulizani nini?"

"Nilizani hawatampiga. Mwenye namba hawamfukuze, Baba. Niliona ku dirisha ya posho."

Msumeno wa kiwanda ulikuwa unalia ng'ambo ya mashamba, bila yeye.

"Na miye," alisema. "Na miye nilizani vile."

Tutaona aliishi miaka sita, mwoga hadi mwisho, kibati shingoni. Kila jioni Nkambo alisimama uani kama zamani, akaita jina moja tu. Na ng'ambo ya ua, Mama Numbi, ambaye alikuwa amemchinja jogoo wake juma lile lile na kutuletea nusu, hakujibu tena.

Karatasi ya malipo ya mwisho ninayo. Niliitunza tangu nilipokuwa sijui kuisoma, na nilipojifundisha hesabu, ukubwani, ndiyo ilikuwa hesabu yangu ya kwanza. Baba alikuwa amefanya kazi pale miaka tisa. Kwa siku za mwezi ule alistahili faranga hamsini na nne. Walikata saba na nusu za namba iliyopotea, ingawa namba yenyewe ilikuwa mezani mbele yao wakati wanaandika. Walimpa arobaini na sita na nusu. Jumamosi ile alifika nyumbani nazo, akamhesabia Nkambo kumi na tano za kitambaa chake cha kuzikwa, akamfunga mwenyewe fundo la kitenge kiunoni. Zikabaki faranga thelathini na moja na nusu.